Nani Apimwe Koti la Baba

Mimi si mtu wa kelele, lakini siku ile mtu angeniita mwendawazimu ningekubali. Nilikuwa nimeketi jikoni kwangu hapa Kaplong, chai inachemka, nasoma kwenye simu orodha ya mavazi ya harusi ya mwanangu Kipkurui. Orodha ilitumwa na Eliakim, binamu ya bibi harusi Maxine, kijana mpole ambaye kazi yake ni kupanga harusi za watu. Kila mzazi alikuwa ameandikiwa nguo yake. Lazarus, baba ya bibi harusi, suti ya kijivu. Jerusa, mama yake, gauni la maruni na kilemba. Mimi Rebeccah, mama ya bwana harusi, gauni la maruni, mikono mirefu. Mpaka hapo sina neno.

Halafu nikafika kwa baba ya bwana harusi. Suti ya bluu nzito, tai ya maruni. Kifua inchi arobaini na nne, kiuno arobaini na moja. Nikavaa miwani nikasoma tena. Kifua arobaini na nne cha nani? Baba ya mwanangu ana miaka themanini na tatu na amekauka kwa kazi. Ukimpima akiwa amevaa sweta mbili hafiki thelathini na sita. Tena baba ya mwanangu ni mwanamke.

Usikodoe macho, nimechoka na watu wa kukodoa macho. Kwetu Wakipsigis, mama ambaye mzee wake amekufa bila kumwachia mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anaita wazee, anaoa msichana, ili nyumba ya marehemu isifungwe. Taprandich alinioa hivyo mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikuburutwa na mtu. Nilimwona mama mrefu, mkali, mwenye ekari mbili za chai na mikono isiyokaa bure, nikamwambia baba yangu ndiyo, huyu nitakaa naye. Tangu siku hiyo yeye ndiye mume wa boma hili. Mtoto niliyemzaa ni wa nyumba yake na baba ni yeye. Mwanamume anayepita ili mtoto apatikane haulizwi kitu. Hana kiti wala neno, na akikutana na mtoto njiani anamsalimia kama mtoto wa jirani, basi. Kanisa lilitununia miaka kadhaa, mwishowe likazoea, na leo Taprandich anakaa benchi ya mbele.

Kipkurui alimwita Gogo, yaani nyanya, kwa sababu ya umri wake, na mimi pia nikazoea kumwita hivyo. Lakini shuleni wakiitwa akina baba, aliyekwenda ni yeye. Alikuwa anaketi upande wa wanaume, anauliza maswali magumu kuhusu hesabu, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia asogee. Kijiji kizima kinamjua Kipkurui kama mtoto wa Taprandich. Hilo jambo halijawahi kuwa siri hata siku moja.

Sasa nikateremka kwenye orodha nikimtafuta. Nilimpata chini kabisa, baada ya watoto wa kubeba maua. Nyanya ya bwana harusi: gauni la maua, kitambaa cha kichwa. Halafu Eliakim akaongeza kwa roho yake nzuri: ana shida ya goti, apewe kiti chenye mto.

Goti? Mwanamke anayepanda mlima na gunia la majani ya chai mgongoni, nani amemwambia ana shida ya goti? Nilikaa nikifikiri, ndipo nikakumbuka, na damu ikanichemka. Wiki tatu nyuma, mimi nikiwa shambani, Eliakim alikuja na Kipkurui hapa nyumbani kuuliza wazee wangependa kuvaa nini. Jioni Gogo aliniambia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi, "Nimemwambia yule kijana mimi nataka koti. Koti ya baba, iko na bitana ndani." Tangu siku hiyo ilikuwa ni koti asubuhi, koti jioni. Kola iwe pana kiasi gani, mifuko iwe na mfuniko au isiwe nao. Mama huyu hajawahi kuniomba kitu. Hata dawa ya kikohozi lazima umlazimishe. Harusi hii alikuwa anataka jambo moja tu, avae koti la baba, aketi kwenye kiti cha baba.

Lakini Kiswahili cha Gogo kinageuza k kuwa g, kama wazee wengi wa hapa. Akisema koti, inatoka goti. Eliakim ni mtoto wa watu wa ziwani, kama familia yote ya bibi harusi, hajazoea matamshi yetu; alisikia goti akaandika goti, na simlaumu. Ninayemlaumu ni yule aliyekuwa ameketi pale kando yake na kikombe cha chai mkononi. Kipkurui amekua akisikia Kiswahili hicho kila siku ya Mungu. Alijua Gogo anataka nini. Alisikia kosa likiandikwa akanyamaza.

Nilizima jiko, nikaita bodaboda, nikaenda Sotik.

Fundi Mokaya ana kibanda nyuma ya duka la mbolea. Ni Mkisii, ameshonea watu wa pande zote mbili za mpaka wa kaunti miaka mingi kuliko ninavyokumbuka, na familia zote mbili zilikubaliana nguo za wazee zishonwe kwake. Aliponiona mlangoni aliacha cherehani.

"Mama Kipkurui," akasema, "kabla hujaanza, mimi nilipima tu mtu niliyeletewa."

"Nani?"

Alifungua daftari lake akaligeuza upande wangu. Pale juu ya zile inchi arobaini na nne alikuwa ameandika kwa penseli: Alfayo, baba ya bwana harusi.

Jina hilo sikuwa nimelitamka karibu miaka thelathini. Alfayo alikuwa karani wa kupima majani ya chai kituoni kwetu, kijana wa viatu vinavyong'aa, mwenye maneno matamu. Mengine ni yangu na sitakusimulia, ingawa kijijini yanajulikana. Baadaye alioa, akahamia upande wa Sigor, akawa mzee wa kanisa. Hakuwahi kumnunulia Kipkurui hata penseli, na hakutakiwa kununua, maana hakuwa baba yake. Nani amemfufua huyu mtu na kumpima suti?

"Kipkurui mwenyewe alimleta Jumanne," Mokaya akasema. "Nilimuuliza, na yule mama mrefu? Hata kwetu nyumba za namna hiyo ziko, naelewa. Akaniambia, fundi, wewe shona tu."

"Umekata kitambaa?"

"Bado."

"Mkasi wako ukigusa hicho kitambaa, Mokaya, tutakosana mimi na wewe."

"Sigusi," akasema, na akakirudisha juu ya rafu kikiwa bado kimekunjwa.

Sikumpigia Kipkurui simu. Maneno mengine ukiyasema kwa simu mtu anajifanya mtandao ni mbaya. Nilingoja Jumamosi alipokuja kutoka Nairobi, ambako anafanya kazi kwenye kampuni ya bima. Aliegesha gari lake jeupe karibu na ghala la mahindi, akashuka akitabasamu, na mimi nikampokea hapohapo na ile orodha mkononi.

"Alfayo ni baba ya nani?" nikamuuliza.

Tabasamu likamkauka. "Mama, tuongee polepole."

"Kwa nini polepole? Unaogopa nani asikie?"

Aliangalia upande wa veranda, ambako Gogo alikuwa amekaa na ungo akichagua maharagwe. Akanishika mkono anivute nyuma ya ghala. Niliutoa mkono wangu.

"Watu wa Maxine hawajui hiyo mambo yetu," akasema. "Wakati wa kupeleka mahari niliwaambia baba ni mgonjwa, ndiyo nikaenda na wajomba."

"Mgonjwa wa nini?"

"Mgongo."

"Kwa hivyo Gogo umempa mgongo, na tena umempa goti. Umebakisha ugonjwa gani?"

"Mama, tafadhali. Wakubwa wangu wa kazi watakuja. Kutakuwa na watu mia nne. Baba ya bwana harusi akiambiwa asimame, asimame mama mzee na koti ya wanaume? Watu watatoa simu wampige video. Mimi nitaitwa nani?"

"Utaitwa mtoto wa Taprandich, vile umeitwa tangu uzaliwe."

"Ni siku moja tu," akasema, na hapo sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, ile aliyokuwa akitumia akiwa mdogo akitaka sukari. "Alfayo anasimama, anapigwa picha, anaenda kwake. Gogo anabaki Gogo. Hakuna kitu anapoteza."

Hakuna kitu anapoteza! Nilitaka kumzaba kofi, miaka yake ishirini na tisa na gari lake na yote. Nilimkumbusha ile mvua ya mwaka aliokuwa darasa la pili, alipokuwa hawezi kuvuta pumzi na barabara imekatika. Nilimuuliza ni nani aliyembeba mgongoni kwa matope mpaka hospitali ya misheni, akiwa na zaidi ya miaka sitini wakati huo, na akalala sakafuni chini ya kitanda chake siku sita. Ni nani aliyegombana na mwalimu mkuu mpaka akarudishwa shule? Wiki ile ya hospitali nilipeleka majani kituoni, na Alfayo akayapima, akaandika, hakuuliza hata mtoto anaendeleaje. Nilimwambia yote hayo kwa sauti ya juu na sikujali jirani gani anasikia.

"Najua, Mama," akasema. "Najua hayo yote."

"Ungeyajua usingekwenda kwa fundi na mtu mwingine."

Ndipo tukasikia ungo ukiwekwa chini. Gogo alikuwa amesimama. Masikio yake hayana kasoro, na mimi nilikuwa nimeshasahau kushusha sauti. Alimwita Kipkurui kwa mkono, akazungumza naye kwa Kikipsigis, taratibu kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Huyo Alfayo amekubali kuwa baba?"

Kipkurui aliangalia chini. "Amekubali, Gogo. Lakini ni ya harusi tu."

"Vizuri," Gogo akasema. "Mtoto anaoa akitoka kwa boma ya baba yake. Mimi nilikuwa nimefyeka nyasi pale chini mahali pa hema. Nimejisumbua bure. Hema ipelekwe kwa Alfayo, na sufuria, na wageni. Bibi yako naye utampeleka kwa Alfayo, akuonyeshe mahali pa kujenga na chai ya kuchuma. Washa gari twende tumwambie ajitayarishe, siku ni chache."

"Gogo, mimi sikumaanisha hivyo."

"Mimi ndivyo ninavyomaanisha."

Akaingia ndani kuchukua fimbo yake. Kipkurui aliniangalia nimtetee. Nilifungua mlango wa gari nikaketi nyuma.

Nyumba ya Alfayo ina veranda ya vigae na maua kwenye mitungi. Mke wake, Phyllis, alitupokea vizuri, akaleta viti na maziwa, akidhani tumekuja mambo ya kanisa. Alfayo alitoka ndani amevaa suruali ya kaptura na viatu vipya vyeusi bila soksi, anavizoesha miguu. Alipomwona Gogo, alisimama palepale mlangoni. Mimi hakuniangalia kabisa.

"Tumekuja kuangalia mahali pa kupiga hema," Gogo akasema.

"Hema gani?" Phyllis akauliza.

"Ya harusi ya mtoto wa bwana yako."

Phyllis alimgeukia mume wake polepole sana. Nikwambie ukweli, nilimhurumia huyo mama, maana hakutukosea kitu, na maziwa yake yalikuwa matamu. Lakini hasira ilinishinda huruma.

"Hawa wamechanganyikiwa," Alfayo akasema. "Mimi niliombwa kusimamia harusi kama mzee wa kanisa. Ndiyo nikashonewa suti."

Kipkurui akasimama. "Mzee, waambie vile tuliongea. Pale kwa fundi ulimwambia mwenyewe wewe ni baba yangu. Ulinishika bega."

"Kijana, usiniletee maneno kwa nyumba yangu," Alfayo akasema, na sasa alikuwa akimtazama usoni. "Mimi watoto wangu ni wanne. Mama yao ndiye huyu. Wewe mimi sikujui."

Nimemwona mwanangu akianguka kutoka juu ya mti, nimemwona akifeli mtihani, lakini uso ule sikuwa nimeuona. Alibaki amesimama katikati ya veranda, mikono haijui pa kwenda. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Alfayo, kwa desturi yetu, hakuwa amesema uongo. Ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo. Lakini mtu huyu siku nne tu zilizopita alikuwa amenyoosha mikono apimwe kifua kama baba, akafurahia kitambaa kizuri, na leo mbele ya mke wake anamtema mtoto kama kokwa. Nilimwambia Alfayo maneno ambayo sitayarudia hapa, kwa sababu mimi pia ni mtu wa kanisa.

Gogo alimshukuru Phyllis kwa maziwa, akaaga, akatangulia kwenye gari.

Tulirudi mpaka karibu na Kaplong, ambapo Kipkurui alisimamisha gari kando ya barabara, akaweka mikono juu ya usukani. "Gogo, nisamehe," akasema. "Jumatatu nitakupeleka kwa Mokaya. Ile koti ni yako."

"Siitaki," Gogo akasema.

Hata mimi nilishtuka.

"Alfayo ameikataa, ndiyo unaniletea? Mimi si kiraka cha kuziba mahali pameraruka. Kama angekubali leo, ungenipeleka kwa Mokaya?"

Kipkurui aliinamisha kichwa kwenye usukani.

"Ulinificha kwa watu wa Maxine," Gogo akasema. "Huko ndiko uende unitoe. Mimi sitajitoa, na mama yako hatanitoa. Washa gari, ng'ombe hawajakamwa."

Usiku na mchana wa Jumapili Kipkurui hakula vizuri, na mimi sikumbembeleza. Jumatatu ilikuwa siku ya Lazarus na Jerusa kupimwa. Kipkurui aliomba ruhusa kazini, akamsihi Gogo afuatane nasi Sotik. Alikubali kuja, lakini akasema wazi kwamba anakuja kununua chumvi ya ng'ombe na atapumzika kwa fundi kabla ya kurudi. Kweli alinunua chumvi. Alifika nayo kwa Mokaya, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, mfuko katikati ya miguu.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Lazarus, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya kutuliza, alikuwa amesimama katikati na nusu koti limeshikizwa kwa pini, mikono ameitandaza. Amefanya kazi kiwandani kwa mitambo ya kukausha chai miaka ishirini na nane. Jerusa alikuwa akilinganisha vitambaa vya maruni mlangoni kwenye mwanga. Kulikuwa na akina mama wawili wengine waliokuja kuchukua sare za shule, na Eliakim na daftari lake.

"Nyanya, goti linaendeleaje?" Eliakim akauliza kwa heshima.

Gogo alimwangalia tu. Yule kijana akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti zaidi. Kipkurui alifunika uso.

Ni Jerusa aliyeuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Na baba yako, Kipkurui, mgongo bado unamsumbua? Mimi ningependa tumsalimie kabla ya siku yenyewe. Si vizuri wazazi wakutane kanisani."

Mimi nilifungua mdomo, maana ninajijua, singeweza kukaa na jambo hilo kooni. Gogo aliniangalia mara moja na nikaufunga.

Kipkurui alikuwa ameegemea meza ya kukatia. Alianza sentensi kwa Kiingereza akaiacha. Akaanza nyingine kwa Kiswahili akaiacha pia. Halafu akasimama wima.

"Baba hajawahi kuumwa mgongo," akasema. "Niliwadanganya. Baba yangu ndiye huyu amekaa hapa." Akaonyesha kwa mkono wote, kama tunavyoonyesha watu wakubwa, si kwa kidole. "Alimwoa mama yangu kwa ng'ombe. Mimi ni wa nyumba yake. Amenilea, amenisomesha. Niliona haya mbele yenu, nikatafuta mtu mwingine avae suti. Hiyo ndiyo ukweli."

Wale akina mama wa sare waliacha kukunja nguo. Lazarus hakushusha mikono, kwa sababu ya pini.

"Kipkurui," akasema, "mimi nimeishi na nyinyi miaka ishirini na nane. Nimezika na nyinyi, nimekula harusi zenu. Unafikiri sijui nyumba ya Taprandich ni nyumba gani? Nilijua siku ile ya mahari ulipoleta wajomba. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Jerusa hapa ni shahidi, amenikuta mara mbili nikiwa macho alfajiri. Kijana anamficha mtu aliyembeba mgongoni. Huyo, nikimpa Maxine, naye atamficha siku gani?"

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana yaliingia. Kipkurui alipokea bila kujitetea. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote wale na hakuyafuta. Mimi nilisema moyoni, wacha yatoke, yamechelewa.

Jerusa aliweka vitambaa chini, akaenda mpaka kwenye benchi, akainama akamsalimia Gogo kwa mikono miwili. "Baba Kipkurui," akamwita, hivyo tu, bila kutafuta neno lingine. Gogo akaitika. Eliakim naye alikuwa ameshafungua daftari, anafuta kitu kwa haraka.

Mokaya alimwacha Lazarus na pini zake. Aliteremsha kile kitambaa cha bluu nzito kutoka kwenye rafu, akavaa futi yake shingoni, akaenda kusimama mbele ya Gogo. Gogo hakuinuka.

"Mzee," Mokaya akamwambia, na nilisikia alivyomwita, "kuna jambo moja lazima nijue kabla sijapima. Koti la kiume vifungo vinakaa mkono wa kulia, la kike mkono wa kushoto. Wengine watatazama hapo kwanza. Nishone upande gani?"

Gogo alimwelekeza kwa Kipkurui kwa kidevu, akangoja.

"Upande wa kiume," Kipkurui akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ni koti la baba yangu."

"Fundi hakusikia," Gogo akasema.

Mokaya alikuwa amesikia vizuri kabisa, na sisi sote tulikuwa tumesikia. Lakini fundi ni mtu mwenye akili. Aliinamisha kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio.

Kipkurui akasogea katikati ya kibanda. Akasema tena, na mara hii hata watu wa duka la mbolea waligeuka: "Ni koti la baba yangu. Shona upande wa kiume."

Ndipo Taprandich akaisukuma chumvi kando kwa mguu, akasimama, akanyoosha mikono apimwe.